Nirudishie Shikamoo Zangu

Mlafi wangu,

Vuta kiti, kaa, ila usiguse kitu, bado ni moto. Mimi ni mpishi. Sikusomea, nilijifunza kwa kuunguza. Hizi ni barua nilizoandikiana na mtu wa gazeti, wale wanaokula kwenye migahawa ya watu kisha wanaenda kuwasema. Nimezipanga kama zilivyokuja. Moja tu nimeitoa, ilihusu bomba la sinki lililoziba, hata mimi nikiisoma nasinzia. Mwishoni nina swali, na ukinijibu usinijibu kwa kunifurahisha. Haya, soma.

Mpishi wako

*

Jumatatu, 3 Machi

Kwa Mama Kijiko,
Safu ya "Kijiko cha Mama", gazetini

Shikamoo mama.

Mimi ndiye mpishi wa ule mgahawa wa kona, wenye mlango wa kijani unaokwaruza sakafu. Jumamosi umeandika kwamba supu yangu ya maboga "imekaa kwenye bakuli kama mgeni ambaye hajaambiwa akae wapi." Mama, nilicheka. Halafu nikaona bosi ameikata na kuibandika kwenye friji, nikaacha kucheka.

Nakuheshimu kama mzazi, ndiyo maana nakuandikia taratibu. Lakini ulikuja siku gani? Kama ni Alhamisi, siku hiyo shemeji yake bosi alikuwa jikoni "akisaidia". Huyo mtu kwake kila kitu ni cha kuzamisha kwenye mafuta. Ukimwachia mwavuli ataukaanga. Bosi amesema wazi: Mama Kijiko huwa anarudi mara ya pili kwenye kila mgahawa, na akiandika vile tena, jiko anapewa shemeji na mimi nitafute pa kwenda. Mama, hili jiko niliingia nikiwa naosha sufuria. Kila mwiko uliomo humu najua umeungua upande gani.

Sikuombi unisifie. Naomba tu ukirudi, urudi na njaa.

Mwanao,
Mpishi wa mlango wa kijani

*

Alhamisi, 6 Machi

Marahaba mwanangu.

Barua yako imefika. Nitarudi, siku siitaji, na huwezi kunijua. Tena usijaribu. Kuna mgahawa mmoja uliwakirimu mabibi wote waliopita mlangoni kwa wiki nzima, wakidhani mmoja wao ni mimi. Mabibi wa mtaa ule mpaka leo wanauliza ile sherehe itarudi lini.

Kuhusu supu, shemeji hana kosa. Nilikuja Ijumaa. Boga lilikuwa limeiva na chumvi ilikuwa imekolea. Tatizo ni vitunguu. Ulivikimbiza. Vilikuwa bado na ukali wa ubichi, na supu nzima ikawa imesimama inavisubiri. Una haraka gani?

Gazeti letu halipokei kitu cha bure, hata chai. Kwa hiyo usiniwekee.

Mama Kijiko

*

Jumapili, 9 Machi

Shikamoo mama.

Vitunguu! Nimenuna siku nzima. Kisha nikapika upya, moto mdogo, nikavisubiri mpaka vikalegea vyenyewe na kugeuka rangi. Mama, umesema kweli, na inaudhi sana mtu akisema kweli.

Umeniuliza nina haraka gani. Nimezaliwa nayo. Dada yangu mkubwa anasema nilikimbia kabla sijatembea. Yeye ndiye aliyenilea, mama yetu simkumbuki hata sauti. Sasa dada yuko mbali na familia yake, tukipigiana simu tunaongelea mafua ya watoto mpaka salio linakwisha. Kwa hiyo unisamehe kama nakuzoea haraka. Mtu akiniambia ukweli kuhusu vitunguu namwona ndugu.

Acha nikupe umbea wa jikoni. Kuna kijana anakuja, anakaa dirishani. Kabla hajaonja kitu, anakatakata mkate vipande vidogo anavipanga ukingoni mwa sahani kama askari wa gwaride. Halafu anakula supu macho juu, utadhani anasikiliza simu. Mhudumu wetu, dada mmoja ambaye mdomo wake hauna breki, amempa jina Bwana Makombo. Mimi namchungulia kwenye kile kidirisha cha kupitishia sahani. Jana nikatuma apelekewe kipande cha keki ya limau, zawadi kutoka kwa mpishi. Kikarudi hakijaguswa!

"Amesema asante sana, ila hawezi," mhudumu akaniambia.

"Hawezi nini? Kutafuna?"

"Mi nijuaje? Labda ana mke."

Mama, wewe umeishi, unawajua watoto wa kiume. Anayerudisha keki ana maana gani?

Mwanao

*

Jumatano, 12 Machi

Marahaba mwanangu.

Labda kazi yake inamkataza kupokea. Labda hakutaka bosi wako akukaripie. Labda ana akili ndogo tu, maana wanaume wanaopanga makombo sijawahi kuwasikia wakifika mbali. Usimpelekee kitu tena. Mwache alipie anachokula.

Huyo dada mhudumu mwambie apunguze sauti. Hilo jina la Bwana Makombo linasikika mpaka dirishani, nadhani.

Mke hana, kwa unavyomweleza. Mwenye mke angekuwa ameshakatazwa kuchezea mkate.

Vitunguu endelea kuvisubiri. Na kunizoea hujakosea.

Mama Kijiko

*

Jumanne, 18 Machi

Shikamoo mama.

Kazi gani inamkataza mtu kula keki? Ni polisi wa sukari?

Nimekutii nusu. Sikumpelekea kitu, nilijipeleka mwenyewe. Jana mchana wateja wamepungua, nikatoka na aproni yangu yenye madoa kama ramani, nikasimama mezani kwake. Nikamwambia, "Kaka, keki yangu ina sumu?"

Akaangusha kijiko. "Hapana, dada. Kasoro ni yangu."

"Kasoro gani?"

"Nikipewa kitu cha bure, ulimi wangu unaanza kusema uongo."

Jibu gani hilo, mama? Nikamwambia basi nunua. Akanunua. Akala yote, akajifuta, akaniambia ganda la limau nimelikwangua mpaka kwenye ile nyama nyeupe, ndiyo maana keki ina uchungu mwishoni. Nilitaka kumpiga na sahani. Lakini ni kweli, nililikwangua mpaka huko, nilikuwa nawahi.

Tukatembea wote mpaka dukani nikanunue mayai. Trei kaibeba yeye, kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga wa mtu mwingine. Nikamuuliza anafanya kazi gani, akasema anaandikaandika tu ofisini. Alhamisi tunaenda sokoni pamoja, anasema atanionyesha muuza maboga ambaye hadanganyi. Mama, nimejikuta naimba nikimenya viazi. Mhudumu kaziba masikio.

Sasa nina ombi. Najua ni mapema, nimeshakwambia nimezaliwa na haraka. Ikifika siku huyu mtu akataka kuja kujitambulisha, kwangu ni chumba kimoja na jiko la gesi, na dada hawezi kusafiri. Nataka uje wewe. Ukae upande wangu, umhoji, umtishe kidogo. Sura yako siijui, lakini sina mtu mzima mwingine ambaye naamini ulimi wake.

Mwanao

*

Jumatatu, 31 Machi

Marahaba mwanangu.

Nimechelewa kujibu. Sitaweza kuja kukaa upande wako. Sababu ipo, na si wewe.

Jambo la pili. Sitakuja tena kuandika kuhusu mgahawa wako. Nimemwomba mhariri amtume mtu mwingine, atakuja mwezi ujao. Na habari za yule kijana usiniandikie tena, tafadhali. Si haki kwako.

Mwache akuambie mwenyewe anachotakiwa kukuambia.

Mama Kijiko

*

Jumatano, 2 Aprili

(Juu ya bahasha: Apewe Mama Kijiko mwenyewe, mkononi, nyumbani kwake. Isiishie ofisini.)

Shikamoo mama.

Nimekuudhi wapi?

Atakayekuja hajui hii supu ilitokea wapi, ataipima na nini? Bosi alipoisikia habari hiyo tu, shemeji akaleta karai lake la kukaangia, kaliweka chini ya meza yangu ya kukatia. "Nalihifadhi tu hapa, dada, usijali." Kila nikisogea linanigonga mguu. Anaona jiko ni lake tayari.

Na Makombo naye haonekani. Sokoni tulienda, tukacheka, alinishika mkono tukivuka barabara, na tangu hapo kiti cha dirishani kiko wazi. Wote wawili mmenikimbia kwa pamoja, kama mmeambiana.

Kama ombi langu lilikuwa zito, nalifuta. Lakini niambie. Mtu mzima haondoki hivi.

Mwanao, kama bado

*

Jumatatu, 7 Aprili

Mwanangu mpishi,

Marahaba. Hii ndiyo ya kwanza kunifikia, kwa hiyo nimeiitikia kwa sauti, peke yangu sebuleni, paka akaruka.

Dada wa mapokezi kule gazetini aliona umeandika "nyumbani kwake", akaniletea, ananijua toka zamani. Mama Kijiko ni mimi. Lakini safu niliiacha meno yalipoanza kunihama. Anayeandika sasa ni mtoto wa kaka yangu. Jina wakalibakiza kwa sababu wasomaji wamelizoea. Kwa hiyo supu yako sijaionja, ombi lako silijui, na kuudhika sijaudhika.

Nikampigia simu nimuulize amekukosea nini. Akaanza kuniuliza habari za paka. Mwisho akasema, "Shangazi, nimeitikia shikamoo zisizo zangu." Nikamuuliza za nani. Akasema za mpishi anayempenda. Hapo mimi nikapotea, wewe labda utapaona. Nikuongezee kitu kimoja kikusaidie: toka utotoni hali mkate mpaka aupange kwanza ukingoni mwa sahani. Nilimchapa sana kwa hilo. Haikusaidia.

Hilo ombi lililokuwa zito, niletee mimi. Sina kazi nyingi.

Mama Kijiko,
mwenyewe wa meno machache

*

Jumanne, 8 Aprili

Wewe,

Nirudishie shikamoo zangu.

Zote. Nilizitoa nimekaa sawasawa kwenye kiti, nimenawa mikono, natumia kalamu nzuri, nikijua nampa mtu mwenye mvi. Wewe una mvi wapi? Tumelingana, tena huenda nimekutangulia. Na ukaitikia. Ukaniita mwanangu! Halafu mchana unakuja kunibebea mayai. Siku ile uliponishika mkono barabarani, nilikuwa mwanao au nilikuwa nani?

Ulikaa ukinisikiliza nikikusema kwako mwenyewe. Nimezisoma barua upya. "Wanaume wanaopanga makombo sijawahi kuwasikia wakifika mbali." Unajua nilijibuje moyoni nilipoisoma? Nilisema, mama anakosea, huyu hamjui. Nilikutetea kwako!

"Mke hana, kwa unavyomweleza." Ptuu.

Habari ya mama yangu nisiyemkumbuka nilimpa mama. Wewe sikukupa. Nilimwomba mama aje akae upande wangu, kumbe nakuomba wewe uje ujihoji. Mapenzi weka pembeni, sijayagusa hapa. Nataka kilicho changu.

Mpishi
(na si mwanao)

*

Ijumaa, 11 Aprili

Mpishi,

Sijui nikuamkie vipi, kwa hiyo naanza hivihivi.

Barua za ile safu tunazijibu kwa sauti ya shangazi, ndiyo kazi. Marahaba ya kwanza ilikuwa kazi. Ya pili ilikuwa tamaa. Nilitaka uandike tena, na ulikuwa unaandika kwa sababu ulidhani ni mama. Nilijiambia nikijitaja utajua nakuja siku gani, kipimo kitaharibika, na jiko lako litaharibika nacho. Ilikuwa sababu nzuri mpaka siku ya mayai. Baada ya mayai haikuwa sababu tena, nilikuwa naogopa tu.

Kwenye migahawa ya watu narudi mara moja. Kwako nilirudi mpaka kile kiti kikajua umbo langu. Sasa ningeisifu ile supu, nani angejua kama nasifia supu au nakusifia wewe? Mimi mwenyewe sikujua. Ulimi ulishaharibika hata bila keki ya bure. Uliponiomba nije nikae upande wako, nilishika simu kukupigia, nikaiweka. Nikaenda kwa mhariri nikamweleza yote. Alicheka kwanza, kisha akaninyang'anya kazi ya mgahawa wako.

Atakuja mwandishi wa michezo. Hajawahi kuandika habari za chakula, ila hajawahi kudanganya matokeo. Sijamwambia neno, wala hajui kama tunajuana.

Shikamoo hazirudi kwa posta. Niambie nizilete wapi.

Kijana wa dirishani

*

Jumamosi, 26 Aprili

Wewe wa dirishani,

Umeisoma? Najua umeisoma, nakuandikia tena kwa raha zangu: "Supu hii inacheza taratibu kipindi cha kwanza, vitunguu vinamiliki mpira, kisha pilipili manga inatokea benchi na kufunga. Keki ilikuja na uchungu kidogo lakini haikuathiri matokeo. Mpishi asibadilishwe."

Mpishi asibadilishwe! Bosi kaibandika juu ya ile yako, haionekani tena. Shemeji kaja kuchukua karai, nikamsaidia kulibeba mpaka nje. Sijawahi kumsaidia kitu kwa moyo mweupe vile. Akaniambia, "Dada, mimi hata sikulitaka hilo jiko, lina joto." Nikamwambia sawa, shemeji, nenda salama.

Kwa hiyo jiko limebaki langu, na si wewe uliyenipa. Hapo umefanya vizuri. Hapo tu.

Shangazi yako nilienda kumwona. Nikampelekea supu kwenye chombo, kaimaliza amesimama. Kakubali kukaa upande wangu siku ikifika, kama itafika. Kasema atakuhoji kama mtu asiyekujua, na swali la kwanza litakuwa kuhusu mkate.

Keki ile uchungu umerudi, wala usiseme. Nilikuwa nakuwazia wewe kwa hasira nikikwangua limau.

Njoo Jumatatu, chakula cha mchana kikiisha. Mlango wa nyuma. Watu wote wa jikoni watakuwepo, nimewaambia. Utasema kwa sauti.

Mpishi

*

Jumatatu, 28 Aprili

Mlafi wangu,

Hii naandika nyuma ya karatasi ya oda, mgongo kwenye friji, kwa sababu yuko hapa. Amekuja. Kavaa shati linaloonekana lilinunuliwa kwa ajili ya harusi ya mtu. Mhudumu kazima redio mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea. Bosi anajifanya anatafuta kitu kwenye kabati ambalo halina kitu.

Kasimama mlangoni, kainamisha kichwa, si kwa utani, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa muosha vyombo: "Shikamoo, mpishi."

Jiko zima likanigeukia. Nikamwambia, "Ngoja." Nikachukua kalamu.

Sasa angalia ninapokwama. Nikisema marahaba, nimerudishiwa changu, haki imetendeka. Lakini hapohapo nimekuwa mkubwa wake, na sijui kama mtu anaweza kuolewa na aliyemwitikia marahaba mbele ya jiko zima. Mhudumu atanikumbusha mpaka na mimi meno yanihame. Nikisema "poa", ni kama zile zangu zote zilikuwa mchezo, na hazikuwa mchezo, zilikuwa za mama. Nikinyamaza, shikamoo ya mtu inabaki hewani, na hilo silifanyi hata kwa adui.

Vitunguu viko kwenye moto mdogo, navisubiri. Yeye ananisubiri mimi. Na ameanza kukatakata kipande cha mkate alichokikuta mezani kwangu, anavipanga vipande ukingoni mwa ubao wa kukatia, wala hajui kama anafanya hivyo.

Mlafi wangu, haraka kabla vitunguu havijaungua: ungekuwa wewe, ungeitikia nini?